Uyoga wa Nguzo ya Nne

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Simu wekeni chini. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na maneno ninayoandika ni yale yale ninayosema jikoni. Anayetaka maneno ya kupambwa atafute kwingine. Hapa kuna jambo nililolifanya nikiwa mtoto, nimelibeba mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na sitaki kwenda nalo kaburini.

Lilinirudia mwezi uliopita, hapa nyumbani Kisugu. Mwanangu alikuwa anahamisha mbao kuukuu zilizolala nyuma ya tangi la maji. Alipoinua ile ya chini kabisa, harufu ikapanda. Si uvundo. Ni harufu baridi, tamu kidogo, kama udongo wa shinani pa mgomba baada ya mvua, na ndani yake kuna uchachu kama wa unga uliosahauliwa kwenye maji. Chini ya ubao nyuzi nyeupe zilikuwa zimetandaa kama pamba iliyochambuliwa. Wajukuu wakapiga kelele, "Jaja, njoo uone, ni nzuri!" Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikafunika pua kwa leso. Wakadhani ni presha. Wakaniletea maji ya kunywa, wakanipepea na kifuniko cha sufuria. Haikuwa presha. Ilikuwa Fundi Ogwal.

Nilikulia katika kambi ya polisi hapa hapa Kampala. Baba yangu alikuwa koplo, mtu wa West Nile. Mama yangu alikuwa Mnubi, wa wale ambao babu zao waliletwa na jeshi la Wazungu kutoka Sudan. Upande wa kulia kwetu walikaa Waacholi, kushoto Wateso, nyuma Walugbara, na kwa sababu kila mlango ulikuwa na kabila lake, uani sote tulisema Kiswahili, hata matusi. Tuliishi katika vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo watu walivipa jina la mama-ingia-pole, maana mlango ni mfupi na mwanamke mwenye mzigo kichwani lazima ainame aingie polepole. Ndani ya kibanda cha bati huwezi kupika ukabaki mzima. Kwa hiyo kila nyumba nne zilikuwa na banda moja la kupikia nje: nguzo nne, paa la mabati, na sigiri zetu za makaa chini yake.

Fundi Ogwal ndiye aliyejenga banda letu. Alikuwa seremala wa kambi, si polisi, mtu mrefu kutoka Lira, mkimya, penseli sikioni hata siku ya Jumapili. Kambi ilimpa chumba kimoja mwisho wa mstari wetu, akaishi humo na mkewe na binti yao Akello. Akello na mimi tulikuwa wa umri mmoja, miaka minane. Tulikuwa tukisukana nywele, tukigombana, tukisukana tena.

Siku aliyosimamisha nguzo, mimi na Akello tulikaa juu ya rundo la mchanga tukimtazama. Ofisi ilikuwa imempa nguzo mpya za mkaratusi mbichi. Aliziangalia, akatikisa kichwa, akazirudisha stoo. Badala yake akaleta miti minne ya mvule, myeusi, mizito, iliyong'olewa kwenye daraja la zamani la bondeni, kule kwenye mafunjo. Ilikuwa bado inanuka tope.

Nikasema, kwa mdomo wangu usiotulia, "Fundi, hiyo si imekaa majini? Itaoza."

Akaligonga gogo kwa nyundo. Likalia kama ngoma. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, 'nasikia' ni 'unasikia' na 'nalala' ni 'inalala'. "Nasikia? Hii mti nalala chini ya matope tangu mimi sijaoa. Haijaoza. Chini ya matope hakuna hewa. Kuvu ni kama wewe, bila hewa nakufa."

"Na ukiiweka mahali pakavu?"

"Kavu pia iko salama. Kuvu nataka kunywa. Ukimnyima maji, nalala tu, nangoja." Kisha akasimamisha gogo ndani ya shimo na kuweka kiganja pale udongo unapokutana na mti. "Mahali mbaya ni hapa. Hapa nalowa, nakauka, nalowa tena. Maji kidogo, hewa kidogo. Hapa ndio meza yake ya kula. Ukiona uyoga hapa, Zena, njoo kwangu mbio. Usingoje."

Akalitoa tena gogo, akachoma miisho ya nguzo zote motoni mpaka ikawa na ganda la mkaa, akaipaka oili chafu ya gari, akazungushia kokoto ili maji ya mvua yapite. Nguzo ya nne, ya nyuma, ilisimama kando ya pipa la maji ya mvua. Kabla hajaondoka akamwita mama yangu. "Mama Zena, maji ya vyombo hapa hapana."

"Fundi, maji yangu yanakwenda mferejini," mama akamjibu. "Mimi si mchafu."

Na kweli hakuwa mchafu. Mama yangu alisugua sufuria mpaka uone meno yako ndani yake. Lakini aliyebeba maji machafu kwenda mferejini hakuwa yeye. Nilikuwa mimi, asubuhi na jioni, beseni kichwani.

Sasa nisikilizeni, na msicheke haraka. Njia ya mferejini ilipita mbele ya nyumba ya sajenti, na mke wa sajenti alikuwa na bata mzinga. Dume. Shingo yake nyekundu ilining'inia kama soksi iliyokosa mguu, na akikuona anajijaza upepo, anashusha mabawa, anaanza kukufuata huku akibwata. Alinidonoa nyuma ya goti mara mbili. Nilipomwambia mama, alicheka mpaka akashika kiuno: "Binti wa koplo anakimbia kuku mkubwa!" Baba akaongeza kwamba kesho ataniandikia bunduki. Basi nikaona aibu, sikusema tena. Siku iliyofuata nilizunguka nyuma ya banda, nikajificha nyuma ya pipa, nikamwaga beseni zima shinani pa nguzo ya nne. Kokoto zilimeza maji bila kelele. Nikangoja kidogo, ili ionekane nimekwenda mbali, nikarudi nikipanguza mikono.

Nilifanya hivyo karibu miaka miwili.

Fikirieni maji yale. Yalikuwa na mafuta, na ukoko wa posho, ugali wetu, na mabaki ya maharage. Asubuhi nalowesha, mchana jua linakausha juu juu, jioni nalowesha tena. Kama ningepanga kwa makusudi kumlisha huyo mdudu wa fundi, nisingeweza kumlisha vizuri zaidi.

Uyoga wa kwanza ulitoka katika mvua za Aprili. Ulikuwa mdogo, mweupe, laini, umepangana kama masikio ya panya. Nilipouona nilitazama nyuma, nisionwe na mtu. Nilikumbuka neno la fundi, "njoo kwangu mbio," na nyumba yake ilikuwa hatua arobaini tu. Lakini fundi angeuliza uyoga umetoka wapi, na jibu lingeishia kwa baba. Mkanda wa baba ulitundikwa msumarini ndani ya mlango, na mstari wetu wote uliijua sauti yake. Basi nikauchuma uyoga, nikaufunga ndani ya jani la mgomba, nikautupa chooni. Kesho yake ulikuwa umetoka mwingine. Nikauchuma. Ikawa kazi yangu ya kila asubuhi kabla ya chai, kama mtoto mwingine anavyookota mayai.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Waliokulia kambini wananielewa. Kila Ijumaa watoto tulipaka chokaa kila kisichotembea: mawe ya njia, mashina ya miti, nguzo za banda mpaka urefu wa goti. Afande, mkuu wa kambi, akipita na kifimbo chake aone weupe tu. Mimi niliomba nguzo ya nne iwe yangu. Mama akanisifu mbele ya majirani kwamba siku hizi Zena ana bidii. Nikapaka chokaa nzito juu ya makovu ya uyoga niliouchuma, na afande akapita, akaitikia kwa kichwa.

Kiangazi kikaja na uyoga ukakoma. Nilimshukuru Mungu. Kwa akili yangu, nguzo ilikuwa mgonjwa, mimi nimemtoa vipele, sasa amepona. Nikaendelea kumwaga. Siku moja nikabonyeza kwa kidole chini kidogo ya mstari wa chokaa. Kidole kikaingia. Kiliingia mpaka kiungo cha pili, ndani kukiwa baridi na unyevu, na harufu ile ikatoka. Nikaziba tundu kwa udongo, nikapaka chokaa juu yake. Nilikuwa nimekaribia miaka kumi, nilijua ninachofanya. Hapo siwezi kujitetea.

Mvua za Novemba zilipoanza, jirani yetu Mama Santa, yule Mwacholi wa mlango wa kulia, alikuwa bandani anasonga posho. Mwanamke mnene, mchangamfu, hapitwi na mtu bila kumtania. Mimi ndio kwanza nilikuwa natoka nyuma ya pipa na beseni tupu.

"We Zena! Umekwenda mferejini na umesharudi? Umepanda ndege?"

"Nimekimbia, mama."

"Umekimbia na maji hayajakurukia hata nguo? Mtoto huyu apelekwe mashindano!"

Alikuwa bado anacheka upepo ulipopiga, ule upepo unaotangulia mvua. Mabati yakainuka, yakashuka. Nguzo ya nne ikakatika pale chini bila mlio wa mti kuvunjika. Ilisema kitu kama muhogo uliochemka ukikatwa na kijiko. Paa lote likalala upande. Mama Santa aliinua mkono kujikinga, na boriti ikaukuta mkono. Nilimwona amekaa chini katikati ya posho iliyomwagika, mwiko bado umo katika mkono mzima, akiuangalia ule mwingine kama ni wa mtu mwingine.

Mkono ulipona baadaye, ulibaki umepinda kidogo tu. Lakini asubuhi iliyofuata afande alikuja kujua nani wa kulaumiwa.

Watu wote wa nyumba nne tulisimama pale, isipokuwa Mama Santa aliyekuwa bado hospitali. Fundi Ogwal alikuwa ameshachimbua kisiki cha nguzo. Kipande cha chini kabisa, kilichokuwa ndani ya udongo mzito, kilikuwa kigumu kama siku ya kwanza. Kipande cha juu, kilichokaa chini ya paa, kigumu pia. Katikati tu, upana wa viganja viwili, mti ulikuwa umegeuka vipande vya kahawia unavyoweza kuvisaga kwa vidole, vimeshonwa kwa nyuzi nyeupe. Akagonga nguzo tatu nyingine. Zikalia zote.

"Afande, miti ni moja. Tatu nzima, moja nakufa. Hii haikuoza yenyewe. Mtu namwaga maji hapa, kila siku."

Afande akasema, "Wewe nilikupa nguzo mpya. Ziko wapi?"

"Nilirudisha stoo."

"Karatasi?"

Fundi hakuwa na karatasi. Alizirudisha kwa mkono na kwa neno, kwa mtu wa stoo ambaye alikuwa ameshahamishiwa Gulu. Nikaona nyuso za wakubwa zikibadilika. Neno *mwizi* lilikuwa halijasemwa lakini lilikuwa limeshafika. Nguzo mpya ameuza, ameweka miti ya kuokota matopeni, mwanamke wa watu amevunjika mkono.

"Uliza nani naosha vyombo hapa," fundi akasema.

Mama yangu akasogea mbele, amejifunga leso kichwani, kidevu juu. "Wallahi, afande, maji yangu hayamwagwi hapa. Yanakwenda mferejini. Binti yangu huyu anayabeba."

Afande akainama kidogo. "Ni kweli, mtoto?"

Baba alikuwa amesimama kando yake kwa yunifomu. Nilitazama viatu vyake, vilivyong'aa. Kisha nikamtazama Fundi Ogwal. Alikuwa amechuchumaa, anakwaruza chokaa kwa ukucha, na chini ya chokaa vikatokea vile vishina vidogo, safu kwa safu, vilivyokatwa kwa vidole vya mtoto. Akavipapasa kimoja kimoja. Akainua macho, akaniangalia, na nikajua kwamba ameshajua.

Alingoja. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Hakuninyooshea kidole. Alingoja niseme mwenyewe.

"Ni kweli, afande," nikasema. "Napeleka mferejini."

Fundi akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Akaokota nyundo yake.

Alifutwa kazi siku ile, akapewa siku tatu kutoka katika kile chumba. Mama yangu, ambaye alikuwa akimpa mke wa fundi simsim, ule ufuta, kila alipopata, hakumpa hata maji, kwa kuwa aliamini ameishi jirani na mwizi miaka yote hiyo. Siku ya tatu mkokoteni ukaletwa. Vitu vyao havikujaza hata nusu. Akello alipita mbele yangu na mkeka uliokunjwa kichwani, akasimama.

"Baba yangu si mwizi."

"Sikusema ni mwizi."

"Hukusema kitu," akaniambia, akaenda.

Fundi alikuja nyuma, anasukuma mkokoteni. Alipofika kwangu alipunguza mwendo, akasema taratibu, kama siku ile ya mchanga, "Zena, ukichuma uyoga, hujamaliza. Ile ni tunda tu. Mwenyewe yuko ndani ya mti, nakula." Kisha akasukuma. Sikumwona tena mpaka leo.

Mimi wakati ule nilidhani ananicheka. Nilikwenda nikakaa nyuma ya pipa na hasira, nikijiambia kwamba mtu mzima hana haki ya kumchokoza mtoto hivyo. Ilinichukua mpaka nimeolewa, nimeshika mtoto wangu wa kwanza mapajani, kuelewa kwamba alikuwa ameweka kazi yake na paa la familia yake upande mmoja, na mgongo wangu upande mwingine, akachagua mgongo wangu. Alijua mkanda wa baba. Alikaa mlango wa mwisho, alikuwa anausikia. Na bado akaondoka akiwa ananifundisha.

Nilimtafuta. Nilipokuwa nauza vitambaa sokoni Kasubi, kila mtu wa Lira aliyesimama kwenye meza yangu nilimuuliza. Mzee mmoja akaniambia kulikuwa na seremala wa jina hilo aliyerudi kwao, akazikwa huko. Wa Akello hakuna aliyejua. Kwa hiyo wa kumwambia nilibaki naye mmoja, mama yangu, naye nilimwambia akiwa kitandani, miezi michache kabla hajafariki. Nilimweleza yote, bata mzinga, pipa, chokaa. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Nilitegemea atanitukana, na ningefurahi.

Akasema, "Nami niliapa, Zena."

Basi. Akageukia ukutani. Kiapo chake cha uongo nilimpa mimi, na hakuwa na wa kumwomba radhi, kama mimi nisivyo naye.

Sasa mtaniuliza, Jaja, umejifunza nini? Nitawaambia nilichofanya, kwa sababu ndicho kinachonichoma zaidi siku hizi. Nililea watoto saba kwa fimbo. Mimi, niliyejua. Ilisimama nyuma ya mlango kama mkanda wa baba ulivyoning'inia, na watoto wangu walikua wapole, vyombo vinavunjika na hakuna aliyevunja, sukari inaisha na hakuna aliyelamba, na wafanyakazi wa ndani wawili niliwafukuza kwa vitu ambavyo leo sina hakika navyo. Mmoja aliitwa Harriet. Aliondoka analia, anasema si yeye. Nilifurahi kwamba nyumba yangu ina adabu. Nilikuwa naangalia chokaa.

Jioni ile ya mwezi uliopita niliwaita wote sebuleni, mwanangu, mkewe, wajukuu, na msichana anayetusaidia kazi. Niliwasimulia kama nilivyowasimulia nyinyi. Mwanangu akataka kusema kitu cha kunifariji, nikamnyamazisha. Kisha nikatoa amri, na nimeirudia kila Ijumaa tangu siku hiyo. Mtoto akija mwenyewe kusema ameharibu, asiguswe na mtu, hata na mimi. Aachwe aseme mpaka amalize. Na kama kuna aliyesingiziwa kwa jambo hilo, aitwe siku hiyo hiyo, aambiwe mbele ya wote, kabla hajafunga mizigo yake.